Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: shotigani, choki na risasi za kuwindia bata mzinga wa porini

Kila ikifika mwezi wa tatu simu yangu haitulii. Huku Missouri, Marekani, tupo Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, na kila mwaka kuna wapya wanapata leseni ya kuwinda, wananunua shotigani, wanaingia dukani wanakuta ukuta mzima wa maboksi yana picha ya bata mzinga kajivimbisha mkia, hili bei ya kawaida lile bei ya kutisha, wanapiga picha wananitumia "kaka nichukue lipi". Nimeona niandike majibu yote sehemu moja. Jibu fupi ni kwamba mimi boksi lako silijui, anayelijua ni mtutu wa bunduki yako, na huo mtutu hausemi kitu mpaka uupigishe kwenye karatasi. Jibu refu ndo hili hapa chini.

Kwanza maneno mawili tuelewane. Kiswahili chetu risasi ni ile inayoingia kwenye bunduki, na risasi pia ni yale madini mazito ya kijivu, tutachanganyana, kwa hiyo humu madini nitayaita ledi. Na zile goroli ndogo ndogo zinazojazwa ndani ya risasi ya shotigani, wazee wa Pwani waliziita marisawa, mimi nitaziita chembe.

Si ndege tu jamani, kwa nini nisitumie risasi yoyote?

Dume mzima wa porini ana kilo 8 mpaka 11, manyoya yake yamepandana kama vigae na kifua chake ni nyama nene. Ukimpiga mwilini chembe nyingi zinaishia njiani, anaruka kama hajaguswa halafu anaenda kufia kichakani huko, wewe hujapata nyama na yeye kateseka bure. Hili nalijua kwa kulifanya. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua risasi nzuri ya bei mbaya, sikuijaribu hata mara moja, msimu ukafunguliwa, dume akasimama kama yadi 35 hivi nikafyatua, akaanguka, akainuka, akakimbia. Nilimtafuta kutwa nzima sikumpata. Wiki iliyofuata ndo nikaipeleka ile bunduki kwenye karatasi nikakuta chembe zote zinaenda juu na kulia, upana wa kiganja kizima. Risasi haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo bata mzinga humpigi mwili, unampiga kichwa na shingo. Ubongo wake ni kitu cha ukubwa wa tende moja na uti wa shingo ni mwembamba kama kidole, ni shabaha ndogo na inacheza cheza, haitulii. Wengi wetu tuliotoka nyumbani picha tuliyonayo ya shotigani ni ya mtu anapiga kanga au kwale akiruka, na pale unataka chembe zitawanyike kama wavu wa kutupa ili ndege apite katikati yake. Huku ni kinyume kabisa, ndege kasimama chini, unataka chembe ziende zimebanana kama kundi la nyuki mpaka umbali wa yadi 40 ambazo ni kama mita 36 na nusu. Ukishaelewa tofauti hiyo moja, mambo mengine yote ya choki (ule mdomo wa mtutu unaobana chembe) na namba za chembe yanaeleweka.

Geji ni nini, na nichukue 12 au 20?

Geji ni hesabu ya kizamani. Chukua ratili moja ya ledi, igawe upate goroli 12 zinazolingana, goroli moja ndo upana wa mtutu wa geji 12. Ukiigawa mara 20 goroli zinakuwa ndogo zaidi, ndo geji 20. Ndo maana namba ikipanda mtutu unapungua, 12 ina kipenyo cha milimita 18.5 na 20 ina 15.6. Ile .410, shotigani ndogo kabisa, haimo kwenye hesabu hiyo, hiyo ni kipenyo chenyewe kwa inchi.

Zamani ungeniuliza ningekuambia 12 bila kufikiri maana inabeba chembe nyingi. Siku hizi geji 20 yenye risasi nzuri inafanya kazi ile ile mpaka yadi 40 na bunduki yake ni nyepesi kubeba, na ukipanda vilima vya Ozark toka saa kumi alfajiri utaelewa nasema nini. Kama una 12 tayari baki nayo. Kama unaanza na mwili wako mdogo au unamnunulia kijana, chukua 20.

Ila nyumba yenye 12 na 20 pamoja naomba msome hapa taratibu. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya 12 inateleza ndani ya mtutu na kukwama mbele kidogo, mtu anaona haijalia anadhani hajaweka kitu, anaweka risasi ya 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka mkononi. Ndo sababu risasi za geji 20 zinatengenezwa za njano, ili jicho lizitambue haraka. Usichanganye kwenye mfuko mmoja, hata siku moja tu, hata kama ni mbili tatu zimebaki.

Kwenye boksi imeandikwa 2¾, 3, 3½. Hiyo nini?

Urefu wa risasi kwa inchi, ikiwa imeshafyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Angalia ubavuni mwa mtutu wako, imeandikwa chemba (pale risasi inapokaa) inapokea ipi. Chemba ya inchi 3 inapokea 2¾ na 3, basi. Usilazimishe 3½ ndani ya chemba ya 3, wakati mwingine inaingia vizuri kabisa na hapo ndo hatari ilipo kwa sababu haina nafasi ya kufunguka, presha inapanda kupita kiasi.

Halafu inchi 3½ sio lazima. Inapiga teke la bega mpaka unaogopa kufyatua, na mtu anayeogopa bunduki yake anafumba macho na kuivuta triga kwa nguvu. Inchi 3 inatosha sana.

Namba 4, 5, 6, 9. Mbona kubwa ndo ndogo?

Wala sio uchawi. Kuna hesabu rahisi: toa namba ya chembe kwenye 17, jibu ni kipenyo kwa sehemu za mia za inchi. Namba 5, 17 toa 5 ni 12, kwa hiyo chembe ina inchi 0.12, kama milimita 3 hivi. Namba 9 ni inchi 0.08, milimita 2. Ndo maana namba ikiwa kubwa chembe ni ndogo.

Sasa kila namba una unachopata na unachopoteza. Aunsi moja (kama gramu 28) ya ledi ina kama chembe 135 za namba 4, au 170 za namba 5, au 225 za namba 6. Risasi nyingi za bata mzinga za geji 12 zinabeba aunsi 1¾, piga hesabu: namba 4 utapata chembe 236, namba 5 utapata 298, namba 6 utapata karibu 394. Chembe kubwa inafika mbali ikiwa bado na nguvu, ila ziko chache, karatasi inakuwa na mapengo na shingo nyembamba inaweza kukaa katikati ya pengo. Chembe ndogo zinajaza karatasi ila nguvu inaisha mapema. Kwa ledi mimi ni mtu wa namba 5, ila bunduki ya rafiki yangu inapenda namba 6 na anaua vizuri tu, kwa hiyo hapo usibishane na mtu, bishana na karatasi.

Kingine, majimbo mengine yana kikomo. Hapa Missouri msimu wa springi (majira ya kuchipua) hairuhusiwi chembe kubwa kuliko namba 4. Kila jimbo lina kijitabu chake na kinabadilika, soma cha mwaka huu, usitegemee alichokuambia mtu.

Ledi, chuma, bismathi, TSS, nichukue ipi? Na kwa nini TSS ni ghali hivyo?

Hapa ndo pesa zinapopotea kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jambo la kuelewa ni uzito wa kitu kwa ukubwa wake. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ni gramu 7.8 hivi, bismathi (madini mengine yasiyo na sumu) 9.6, ledi karibu 11, na tangisteni iliyotengenezwa kwa chembe, hiyo TSS, ni 18. Chembe mbili zikiwa na ukubwa sawa na mwendo sawa, ile nzito inapenya zaidi na inachelewa kupoteza mwendo hewani. Ukitaka kulinganisha kwa haraka zidisha uzito huo kwa kipenyo. Ledi namba 5: 11 mara milimita 3 ni 33. TSS namba 9: 18 mara milimita 2 ni 36. Umeona? Kile kichembe kidogo cha TSS kinapenya sawa na ledi namba 5 au kuizidi kidogo, na kwa sababu ni kidogo zinaingia nyingi mno kwenye aunsi moja, kama 360. Ndo siri yake yote. Na ndo iliyofanya hata .410 iwe bunduki ya bata mzinga, maana risasi ya .410 ya inchi 3 yenye aunsi 13/16 za TSS namba 9 inabeba chembe kama 294, karibu sawa kabisa na ile geji 12 ya ledi namba 5 niliyotaja juu. Kijana wa miaka 11 au mama ambaye hataki teke la 12 anawinda na kitu chepesi na anaua safi.

Ubaya ni bei. TSS nyingi risasi moja inapita dola 10, boksi lina tano. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni utaitumia kwa nini. Kama una geji 12 na unakaa ndani ya yadi 40, ledi nzuri iliyopakiwa vizuri inakutosha, kuna zile kama Winchester Long Beard ambazo chembe zimegandishwa ndani kwa utomvu mgumu unaopasuka wakati wa kufyatua ili zisibondeke, zinabanana vizuri sana kwa bei ya mtu wa kawaida. Kama unatumia 20 au .410, hapo TSS ina maana kweli. Ila usinunue TSS ili upige ndege yadi 60. Ukijidanganya kukadiria umbali kwa yadi 10 tu hapo mbele chembe zimeshatawanyika na unarudi kule kule kwa ndege niliyemtafuta kutwa nzima.

Chuma kinakubalika ila ni chepesi, chukua chembe kubwa zaidi, yaani namba ndogo, na punguza umbali. Bismathi iko katikati. Kwa nini mtu achukue hivyo? Kwa sababu ledi ni sumu na kuna sehemu imekatazwa: California toka Julai 2019 huwezi kuwinda mnyama wala ndege yeyote kwa ledi, na baadhi ya maeneo ya hifadhi ya serikali kuu yanataka chembe zisizo na sumu hata kwa bata mzinga.

Choki ni nini hasa, na nikiibana sana si ndo bora?

Choki ni kile kipande cha mwisho cha mtutu ambapo unabana kidogo, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole maji yaende mbali. Bunduki nyingi za sasa kinafunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa. Mtutu wa geji 12 ni inchi 0.729, choki ya kawaida inayoitwa full ni kama 0.695, na choki za bata mzinga zinashuka zaidi, 0.670, 0.660, mpaka 0.640.

Na hapana, kubana zaidi sio bora siku zote. Kuna mahali ukipita chembe zinaanza kugongana na kubondeka pale mdomoni zinatoka ovyo, karatasi inakuwa na shimo katikati kama chapati iliyoungua. Chembe kubwa hazipendi kubanwa sana, ndogo zinavumilia. Risasi nyingine zina kikombe cha plastiki kinachoshikilia chembe mpaka zitoke mbali, hizo mara nyingi hazielewani na choki zenye matundu ubavuni kwa sababu matundu yanakikwaruza kile kikombe. Soma maandishi ya choki yenyewe inasema inaruhusu nini, hasa chuma na tangisteni, vitu vigumu kwenye choki iliyobana sana vinaweza kuiharibu, na bunduki ya zamani ambayo choki yake haifunguki usiipitishe chuma bila kumuuliza fundi wa bunduki.

Kama hujanunua choki ya ziada, jaribu kwanza full uliyopewa na bunduki. Wapo watu wamekaa nayo miaka na hawana shida.

Haya sasa, kupiga karatasi kunafanyikaje?

Hapa ndo moyo wa ukurasa huu, tafadhali usiruke.

Tafuta sehemu halali ya kulenga. Idara ya uhifadhi ya Missouri ina viwanja vya umma, majimbo mengine pia yanavyo, au shamba la mtu aliyekupa ruhusa lenye kilima nyuma ya shabaha. Beba karatasi kubwa, ile ya kufungia nyama inayouzwa kwa rola au boksi la friji ulilokata, iwe na upana wa mita moja hivi, ukibeba ndogo hutajua chembe zilizokosa zimeenda wapi. Vaa kizuia sauti masikioni na miwani. Beba kalamu nene, mkanda wa kupimia au kile kipima umbali cha leza, na kitu cha kuegemezea bunduki, mfuko wa mchanga unatosha.

Anza karibu na risasi za bei rahisi, zile nyepesi za mazoezi, yadi 15 hivi. Hapo hutafuti mtawanyiko, unatafuta bunduki inaelekea wapi. Chora nukta, lenga nukta, fyatua polepole. Kama shimo liko kwenye nukta endelea, kama liko pembeni rekebisha kwanza kabla hujachoma risasi za pesa.

Halafu nenda yadi 40, pima kabisa, usikadirie. Weka risasi ya bata mzinga, lenga nukta ya katikati, fyatua moja tu kwenye karatasi moja. Andika juu yake hapo hapo: risasi gani, namba gani, choki gani, umbali, kwa sababu ukifika nyumbani karatasi zote zinafanana. Badilisha karatasi, acha mtutu upoe dakika kadhaa, piga tena. Tatu kwa kila aina ya risasi. Mtu akipiga moja akapata nzuri anafurahi anafungasha, lakini moja inaweza kuwa bahati na tatu zinakuambia tabia. Kila baada ya risasi mbili tatu toa risasi zote kwenye bunduki, hakikisha kwa macho kwamba chemba ni tupu, halafu kagua choki kama haijalegea.

Nyumbani tandaza karatasi chini. Tafuta sehemu chembe zimebanana zaidi, chora hapo duara la inchi 10, sentimita 25, sahani ya kawaida ya chakula inakaribia hapo. Hesabu matundu ndani ya duara, weka alama ya kalamu kwenye kila tundu usihesabu mara mbili. Kazi ya kuchosha, mpe mtoto akusaidie, mtoto wangu anaipenda kuliko mimi. Halafu pima kutoka katikati ya hilo duara mpaka ile nukta uliyolenga, maana hivyo ni vitu viwili tofauti, zimebanana kiasi gani, na zimebanana wapi.

Ukimaliza rudia yadi 30 na 20 kwa ile risasi iliyoshinda. Na piga moja yadi 10, nakuomba, utashangaa. Kwa choki iliyobana chembe zote zinapita kwenye tundu la ukubwa wa chungwa. Watu wengi wanakosa ndege aliyekaribia sana kwa sababu walidhani karibu ndo rahisi.

Nimehesabu nimepata 80. Inatosha?

Kipimo wanachotumia wawindaji wengi wa hapa ni chembe 100 ndani ya duara la inchi 10 kwa yadi 40. Ukipata 80 sio kwamba bunduki mbovu, ina maana yadi 40 sio umbali wako. Sogea yadi 35 upige, ukipata 100 basi mwisho wako ni 35, imeisha hiyo. Mimi zaidi ya idadi naangalia mapengo. Chukua picha ya kichwa na shingo ya bata mzinga kwa ukubwa wake halisi, iweke popote ndani ya duara, hesabu chembe ngapi zimegonga fuvu na uti wa shingo. Ukiihamisha ukapata mahali haigongwi hata moja au inagongwa moja tu, hiyo risasi kwangu haijafaulu hata kama jumla ni 120.

Na bei haikusemei. Kwenye bunduki yangu boksi la ghali zaidi kati ya matatu niliyojaribu lilishindwa na la kati, na kwa jamaa yangu mwenye bunduki ya kampuni ile ile, mfano ule ule, matokeo yakawa kinyume. Usinunue kwa karatasi yangu.

Chembe zimebanana vizuri ila ziko kushoto, nifanyeje?

Kwanza hakikisha sio wewe. Shavu lisipokaa kwenye kitako cha bunduki vile vile kila mara, jicho linahama na chembe zinahama nalo, na ukinyanyua kichwa kidogo tu ili uone ndege vizuri risasi inaenda juu. Ukishahakikisha ni bunduki, dawa ni kuweka vilengeo vya kurekebishwa au ile darubini ndogo ya nukta nyekundu, unaigeuza skrubu mpaka nukta na duara vikae pamoja. Usizoee kulenga pembeni kwa makusudi ili kufidia, dume akitokea moyo unadunda na hiyo hesabu unaisahau.

Nimlenge wapi na lini?

Pale manyoya ya shingo yanapoishia na ngozi nyekundu inapoanza. Ukilenga hapo chembe za juu zinapata kichwa na za chini zinapata shingo. Akiwa kajivimbisha kichwa amekirudisha ndani, subiri, mlie sauti ya jike kidogo (ndo kumwita huko) atanyoosha shingo kutazama, hapo. Na angalia nyuma yake na pembeni, kama kuna mwingine kasimama karibu usifyatue, chembe zako kwa yadi 40 ni pana kuliko unavyodhani na utaua wawili wakati tagi (kibali cha ndege) ni ya mmoja.

Umbali nitaujuaje porini?

Ukikaa tu chini ya mti, kabla hujaanza kumwita, pima kwa leza miti mitatu minne inayokuzunguka. Sema moyoni ule mwaloni ni 30, kile kisiki ni 40. Akipita nje ya kisiki muache aende zake.

Risasi yenye mwendo mkubwa ni bora?

Sio lazima. Futi 1,200 kwa sekunde zinatosha kabisa kwa ledi. Ukiongeza mwendo teke linaongezeka na mara nyingi mtawanyiko unafunguka, na chembe ya duara inapoteza mwendo haraka hewani kwa hiyo faida inaliwa njiani.

Bega linaniuma, nikipiga karatasi nne tu nimechoka.

Usione aibu. Gawanya siku mbili, vaa pedi ya bega, na mazoezi ya kulenga fanya na risasi nyepesi, zile nzito ni za kupima tu. Zile chache za mwisho zipige umekaa chini umeegemea kitu, magoti juu, kama utakavyokaa porini, kwa sababu mkao wa mezani na mkao wa chini ya mti hautoi matokeo sawa.

Mimi ni Muislamu, nyama yake inakuwaje?

Swali hili napata sana na ni zuri. Watu wetu wanasema Bismillah wakati wa kufyatua, halafu wanaenda haraka na kisu, wakimkuta ana uhai wanamchinja. Masheikh wana maelezo tofauti kuhusu aliyekufa kwa chembe kabla hujamfikia, kwa hiyo muulize wako kabla ya msimu na sio ukiwa umeshika ndege mkononi. Bata mzinga aliyepigwa kichwani anapiga mabawa kwa nguvu dakika nzima, angalia makucha, dume ana kucha kali nyuma ya mguu, mkanyage shingo kwanza. Na kabla ya kumkimbilia weka kiusalama cha bunduki.

Mimi sio raia, naruhusiwa hata kushika bunduki?

Mwenye grini kadi (kibali cha kuishi kudumu) sheria ya serikali kuu inamruhusu. Mwenye viza ya muda kama ya mwanafunzi au ya utalii kwa kawaida haruhusiwi, ila kuna misamaha na mmoja wapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa, hata kuishika tu kiwanjani. Kosa la bunduki kwa asiye raia linaweza kukufukuzisha nchini, kwa hiyo tafadhali ndugu zangu, mlipe mwanasheria wa uhamiaji saa moja akusomee hali yako kabla hujaenda dukani. Hapa Missouri pia aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baada ya hapo lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na hata ambaye halazimiki mimi namwambia akasome, ni mafunzo mazuri.

Nguo je?

Kombati kuanzia kichwani mpaka viatuni, ndege huyu anaona vizuri kupita maelezo. Ila hakuna kitu chekundu, cheupe wala cha bluu, sio soksi, sio leso, sio kofia ya timu, kwa sababu hizo ndo rangi za kichwa cha dume na kuna mtu mwingine porini na shotigani kama yako. Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukisikia sauti ya bata mzinga usiinyatie, inaweza kuwa ni mtu anaita. Ukimuona mwindaji anakuja usimpungie mkono, sema kwa sauti ya mtu, "simama, niko hapa".

Inafaa kweli kuua ndege hawa? Hawaishi?

Walikaribia kuisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wametoweka majimbo mengi kwa kuwindwa bila mpaka na misitu kukatwa, wakarudishwa kwa kukamatwa kwa nyavu na kuhamishwa, sehemu kubwa kwa pesa za leseni na kodi ya bunduki na risasi. Missouri walifungua tena msimu wa springi mwaka 1960. Ile hela unayolipia tagi ndo inayowalinda, na sehemu nyingine idadi imeanza tena kushuka, ndo maana nasisitiza usijeruhi ndege ambaye hutampata, huyo hahesabiwi kwenye tagi yako ila kwenye msitu amepungua.

Chembe zikibaki kwenye nyama?

Ukimpiga kichwani kifua kinakuwa safi karibu siku zote. Hata hivyo pitisha vidole kwenye kila kipande, ukiona unyoya umeingia ndani ya nyama fuata njia yake, mwisho wake kuna chembe. Kama ulitumia ledi kata na utupe nyama iliyozunguka jeraha, hasa kama watoto watakula. Kama ni TSS angalia meno, ile haibondeki, jino ndo linabondeka. Mapaja usiyatupe kama wafanyavyo wengi huku, ni magumu ila yachemshe kwa muda wa saa tatu na tangawizi na kitunguu, halafu malizia na nazi.